Neno Chini ya Povu la Sabuni

Jumamosi tuliyomzika Mama Riziki, mimi nilimlilia mtu mwingine. Nalisema mapema, kabla majirani hawajanitangulia, maana hapa La Rochelle, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, habari huruka kuta na kufika nyumbani kabla mwenyewe hajavua viatu. Makaburi ya upande wetu wa kusini siku ya Jumamosi ni kama stendi: mahema yamepangwa safu kwa safu, kila hema na jeneza lake, kila jeneza na kwaya yake, na anayeongoza sala hapa lazima apaze sauti kumshinda anayeongoza sala pale. Nilikuja na jirani yangu Baba Nestori, Mrundi, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, ndani ya bakkie lake, lile gari dogo lililo wazi nyuma ambalo huku hubebea friji, mbuzi na ndugu. Aliniambia, "Dada, fuata watu wa vitambaa vya zambarau, mimi naegesha gari." Nikainama kufunga kiatu. Nilipoinua kichwa nikaona zambarau, nikaifuata. Nikapewa kiti cha mbele kabisa, kile kilichovishwa nguo nyeupe kwa ajili ya wafiwa wa karibu, nadhani kwa sababu hakuna aliyekuwa akilia kama mimi. Mama mmoja wa Kizulu akanikumbatia akanifuta kamasi kwa leso yake. Nikaimba wimbo nisioujua hata mstari. Nikatupa udongo. Ndipo mtoto mmoja akanipa karatasi ya ratiba, na pale kwenye picha akanitazama mzee mwenye masharubu na kofia ya gofu.

Baba Nestori ndiye aliyenikuta nimeshika ile karatasi. Akamtazama mzee, akanitazama mimi. "Huyo ni nani yako?" "Simjui." "Basi umemlilia vizuri. Twende, wetu bado hajashushwa." Tukaenda, mahema mawili zaidi mbele, nikafika kwa mtu wangu na macho makavu kabisa. Machozi yote nilikuwa nimeyamalizia kwa mwenye kofia. Nikasimama nyuma, maana viti vya mbele vilikuwa vimekaliwa na binti yake na wakwe zake, na sikuwa na jina la kunipeleka mbele. Ndugu wana jina. Mjane ana jina. Mimi niliyeishi na marehemu chumba kimoja, halafu ukuta kwa ukuta, halafu mtaa mmoja, katika ratiba ya mazishi niliandikwa "marafiki na majirani," pamoja na watu waliokuja kula wali.

Si mara yangu ya kwanza kukalia kiti cha marehemu kisichonihusu. Mara ya kwanza nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na kukaa kwangu kule kukaamua maisha ya watu wawili, mmojawapo mimi. Ndio mwaka ninaotaka kuuandika. Wazazi wangu, ukoo wetu, na kwa nini mtu wa kukaa ndani kama mimi aliondoka Kigoma akaja mji huu wa mbio, hayo nitayaruka. Hayana ladha, na baadhi yake hata mimi sijayaelewa. Inatosha kusema kwamba nilikuja nikiamini nitafanya biashara, na biashara niliyoifanya zaidi ilikuwa kulala.

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, ya bati, yenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa dawa mpaka ikawa hatari kwa mtu mwenye soksi. Mwenye nyumba alikuwa mzungu mzee, mjane, tuliyemwita Gogo Doroti; gogo ndiyo bibi kwa Kizulu, naye alilipenda jina hilo kuliko "missis." Alijibakizia chumba cha mbele na kiti jikoni, vyumba vingine akatupangisha sisi wahamiaji. Chumba chetu zamani kilikuwa cha kulia chakula. Tulikigawa kwa pazia: upande wa dirisha waliishi fundi cherehani mmoja kutoka Uvira, Kongo, pamoja na mkewe Mama Riziki na mtoto wao mchanga, upande wa mlango niliishi mimi na godoro langu. Kupitia lile pazia nilijua kila kitu: harufu ya pasi, sauti ya cherehani, ugomvi wa nani amalize sukari. Tulipikia sufuria moja. Dagaa nilikuwa nawanunua Mayfair kwenye duka la Msomali, na kila walipoiva ugomvi ulikuwa uleule, maana mimi nasema dagaa na Mama Riziki anasema ndakala, na wote wametoka ziwa moja. "Weye Mtanzania," alikuwa akiniambia, "unasema Kiswahili kama radio. Radio haijue kupika."

Mumewe alifariki mwanzoni mwa mwaka huo, msimu wa radi, kwa kifua. Sitaeleza siku zile. Nitaeleza kilichofuata, kwa sababu kilikuwa na utaratibu, na mimi napenda vitu vyenye utaratibu maana ninaweza kuvitazama nikiwa nimelala. Kwao, mume akifa, kiti chake hufunikwa kitambaa cheupe na hakuna anayekikalia mpaka matanga yaondolewe. Siku hiyo wazee hukutana, hufunua kiti, na kumkalisha mrithi. Atakayekikalia wa kwanza ndiye anayechukua nafasi ya marehemu: vifaa vyake vya kazi, nyumba yake, mkewe. Na mjane mpaka siku hiyo hafanyi kazi, hashiki mkasi, anakaa chini amefunika kichwa, na kikaoni hasemi. Kiti chenyewe kilikuwa cha ofisi, cha kuzunguka, gurudumu moja limekatika, marehemu alikiokota Randburg nje ya jengo moja ambako ofisi huhama kila mara na kuacha fanicha kando ya njia. Alikuwa akikaa hapo kushona. Kikafunikwa shuka, kikasimama mbele ya cherehani kama mgeni aliyegoma kuondoka.

Shida ni kwamba cherehani lilikuwa na kazi. Kwaya nzima ya kanisa ilikuwa imekwisha kulipia sare mpya, na vitambaa vilikuwa vimelala mezani vimekatwa nusu. Mama Riziki hakuruhusiwa kugusa. Kwa hiyo nikashona mimi, ambaye mpaka siku ile kitufe kikidondoka nilifunga shati kwa pini. Yeye alilala upande wake wa pazia akiongoza kwa masikio. "Punguza mguu! Nasikia sindano inalia." "Hiyo ni mukono wa kushoto unavuta. Acha kitambaa itembee yenyewe." Nilikaa juu ya kreti la soda, nikawa chini mno, na mishono ikaenda upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Siku ya tatu au ya nne nikasikia anajigeuza. Halafu akasema, polepole, "Zawadi, mi nimegeukia ukuta. Mutu aliyegeukia ukuta haone kiti." Nikafunua shuka, nikakaa. Jioni nikafunika tena. Ikawa hivyo miezi yote ile: mchana kiti changu, jioni kiti cha marehemu. Mwili wangu, ambao hujifunza mambo machache lakini huyashika, ukajifunza kiti.

Katika miezi hiyohiyo nililazimika pia kufua, kazi ambayo zamani Mama Riziki alinifanyia kwa kunihurumia. Uani, kando ya bomba, kulikuwa na bamba la jiwe la kijivu, laini, linalofaa sana kusugulia. Wapangaji wote tulifulia hapo. Siku moja nikimwagia maji nguo nyeusi za mjane, povu likateremka na herufi zikatokea, zimechongwa vizuri, zimelika kidogo pembeni. Kulikuwa na jina, Eliza, halafu neno moja, relict, halafu jina la mwanamume. Nilisoma mara mbili. Nina cheti cha kidato cha nne, na Kiingereza kilikuwa ndicho somo nililojivunia mpaka likanichosha, lakini neno hilo sikuwa nimepata kukutana nalo popote. Nikaingia ndani nikamwambia Mama Riziki kwamba tunafulia juu ya kaburi la mtu. Akauliza, "Kaburi inasema nini?" Nikasema sijui. "Kumbe. Na ile cheti unaiwekaga ukutani ya nini?"

Ikabidi niende jikoni kwa Gogo Doroti. Alikuwa na chai yake na mkate uliopakwa jamu nyembamba mpaka unaona mkate. Akacheka, akanikalisha. Lile si kaburi, alisema; halikuwahi kufika makaburini. Marehemu mumewe alikuwa mchonga mawe ya makaburi, na karakana yake ilikuwa pale pale uani. Mtu mmoja alikuja kuagiza jiwe la mama yake, akataka liandikwe kama mawe ya zamani, ya heshima. Likachongwa. Siku ya kulichukua akaja binti wa huyo Eliza, akalitazama, akakataa. Alisema, mama yangu aliishi miaka mingi baada ya baba, akaendesha nyumba ya wageni, akatusomesha, nanyi mnamwandika kama kitu alichokiacha mwanamume mezani. Akaondoka. Jiwe likabaki. "Mchonga mawe hatupi jiwe, binti," Gogo Doroti aliniambia. "Akiharibu upande mmoja, analigeuza na kuchonga upande wa pili. Ule wa kwanza unaelekea nyuma, hakuna anayeuona. Mume wangu alikufa kabla hajaligeuza."

Halafu akanieleza neno lenyewe, akihesabu zamu zake kama mtu anayeeleza nyumba alizopanga. Lilitoka kwa Walatini, na kwao lilikuwa pana: kilichoachwa nyuma, kiwe mtu, kiwe kitu. Waingereza walipolichukua, lilikaa kanisani, likitaja mifupa na nguo za watakatifu zilizobaki duniani. Kisha likahamia kwa mwanamke aliyefiwa na mume, likaandikwa kwenye wosia na vitabu vya parokia na mawe, likazoea huko, mpaka ukilisema watu wanajua unamtaja mjane. Baadaye wanawake wakaanza kulinunia, kama yule binti, likafifia, likabaki mawe ya zamani tu. "Na mimi," akasema, akijigusa kifua kwa kijiko. "Mimi nami ni relict. Ila nalipia umeme." Nikaenda kumweleza Mama Riziki, maana yeye hakuwa akitoka chumbani mbele ya watu. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu, "Rudia umuulize. Mwanaume akibaki yeye, wanamuita nani?" Nikarudi jikoni nikauliza. Gogo Doroti hakufikiri hata kidogo. "Mwambie wanamwita mwanamume." Nilipolifikisha jibu, Mama Riziki akacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi, halafu haraka akaziba mdomo kwa kanga, kwa sababu mjane akisikika anacheka jumba zima litapata cha kusema.

Shemeji Wilondja, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Durban baridi ilipoanza. Ningependa kumwandika vibaya, ingerahisisha kazi yangu, lakini alikuwa mtu mpole. Alileta samaki wa kukaanga ndani ya gazeti, alimbeba mtoto, na alipoiona mikasi ya kaka yake alitoka nje akalia akielekea ukuta. Alikuwa na mke na watoto Durban. Aliamini kwa dhati kwamba kumwacha mke wa kaka yake peke yake katika mji huu ni sawa na kusahau mzigo stesheni. Siku moja mchana alikaa na wazee wawili wa Uvira upande wa pili wa pazia, Mama Riziki akiwa ametoka kwenda bafuni, nami nimelala godoroni nikiwa, kama kawaida, nimesahauliwa. Nikasikia wakipanga. "Radio inaenda kwa mjomba. Koti ni yangu. Kitanda tutauza. Machine inaenda na muke." Mzee mmoja akauliza, "Muke anaenda wapi?" Shemeji akasema, "Durban. Machine na muke, Durban." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayepakia gari.

Nilimwambia Mama Riziki. Nilidhani atalia. Akaendelea kumnyonyesha mtoto, akasema, "Kule nitakuwa muke wa pili katika jikoni ya mwingine. Na ile machine atashonea nani? Muke wake wa kwanza hajue hata kutia uzi." Nikamwambia akatae. Akanitazama kwa huruma ile ambayo watu hunipa ninapotoa ushauri. Akikataa kwa mdomo wake, alisema, atakuwa amewatukana watu waliomzika mumewe; hakuna mtu wa Uvira mji mzima atakayemletea kitambaa, na siku mtoto akiugua hatakuwa na mlango wa kugonga. Tena siku yenyewe hatakuwa na ruhusa ya kusema. "Mi nitakaa chini kama gunia ya mkaa. Gunia haisemi."

Jumapili kabla ya matanga Gogo Doroti alituita sote wawili jikoni. Nadhani alisikia Durban na machine zikitajwa, kuta za nyumba ile zilikuwa za heshima tu. Alikuwa ametoa kitabu kinene, kimoja katika safu ya vitabu vya maarifa ambavyo mumewe alinunua kwa malipo ya kidogo kidogo. "Neno lenu," alisema, "lina nyumba nyingine sikuwaambia." Wanawake walipolikataa, wataalamu wa mimea na wanyama walilichukua. Wakalitumia kwa kiumbe kilichobaki hai baada ya wenzake wote wa zama zake kutoweka. Na kwa ziwa lililobaki bahari ilipojiondokea. Akasoma, nami nikitafsiri, jinsi wataalamu walivyofika zamani kwenye ziwa moja kubwa la Afrika, wakakuta humo vidude laini vinavyoelea, vinavyoonekana mpaka ndani, vidogo kama kifungo cha shati, jamaa ya wale wa baharini. Wakasema basi ziwa hili ni relict; lazima bahari ilifika huku, ikaondoka, ikaliacha. Gogo akageuza kitabu atuonyeshe ramani. Lilikuwa ziwa letu. Tanganyika, mimi kwetu upande huu, Mama Riziki kwao upande ule juu.

Vile vidude nimeviona utotoni, tukivichota kwa viganja na kuvimwaga. Sikujua vimeandikwa. Mama Riziki aliweka kidole juu ya Uvira, kidole cha fundi chenye ncha ngumu, akauliza, "Na ni kweli? Bahari iliacha ziwa yetu?" Gogo Doroti akafungua kitabu kingine, kipya kidogo, akasoma polepole, akavua miwani. Hapana. Waliokuja baadaye walipima wakakuta si kweli. Lile ziwa halikupata kuwa bahari. Ardhi ilipasuka, maji ya mito yake yakaingia, na vile viumbe vilifikaje hawana hakika. Ziwa lilijitengeneza lenyewe. Nikatafsiri. Chai ikapoa, mtoto akala jamu yote. Halafu Mama Riziki akasema, si kwangu wala si kwa Gogo, "Basi ile ziwa haikuachwa na mutu."

Siku ya matanga alinituma kanisani kuazima viti. Nilimrudishia habari kwamba nimepata vya kutosha. Akauliza, "Vyote umebeba?" Nikasema nitarudi kuchukua cha mwisho, ndicho changu. "Acha," akasema. "Utaumia mgongo." Sikulitilia maanani. Mtu akiniambia niache kazi huwa sibishani.

Wazee walikaa kuzunguka chumba, pazia limefunguliwa, Shemeji Wilondja katikati amevaa koti la kaka yake ambalo mikono ilimzidi. Mama Riziki chini, kichwa kimefunikwa, mtoto mapajani. Cherehani mbele ya dirisha, na kiti mbele ya cherehani. Mzee mkubwa aliomba, akasema maneno ya kumwaga marehemu. Watu walilia kweli. Akakivua kiti ile shuka nyeupe, akaikunja vizuri, akamgeukia Shemeji ili amshike mkono. Mimi nilikuwa nimesimama tangu asubuhi na birika la chai la ukubwa wa ndoo. Miguu ikaniuma. Nikaona kiti changu kimefunuliwa, kama kinavyofunuliwa kila siku ya kazi, nikaweka birika chini, nikakaa. Hata mguu ulikwenda wenyewe kwenye kanyagio la cherehani.

Nilikuwa nimekwisha kukaa kabla sijajua nimekalia nini. Mzee alikuwa ameushika mkono wa Shemeji hewani kama watu wanaotaka kucheza dansi. "Huyu binti ni wa nani?" akauliza. Hapo Mama Riziki akafunua uso. Hakupiga kelele. Alisema, "Wazee, munisamehe, mi sisemi. Nauliza tu. Kwetu mutu wa kwanza kukaa kiti ya marehemu, anaitwa nani?" Wote walijua jibu na walikuwa wametoka kulisema wao wenyewe. Mzee wa pili akasema huyu ni mwanamke, tena Mtanzania. Wa tatu akasema desturi haikutaja Tanzania. Wakabishana. Gogo Doroti akatokea mlangoni na sinia la skonzi, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini nimekaa kama mtu aliyekalia mayai, na watu hawa watakula sasa au baadaye.

Aliyetuokoa ni Shemeji mwenyewe. Alinitazama nimekaa, birika kati ya miguu, akatazama mikasi, akatazama sare moja ya kwaya iliyokuwa bado inaning'inia kwenye cherehani, kola yake imekaa upande. "Ni weye unashonaga hii?" Nikaitika. "Kaka angekufa tena," akasema, na kitu kikamcheza mdomoni. "Mi nilikuja kurithi mutu mumoja na machine. Sasa nirithi na Mtanzania juu yake?" Mzee mkubwa ndiye aliyecheka wa kwanza, akacheka mpaka akakaa, na chumba kikamfuata, na watu waliocheka pamoja kwenye matanga hawawezi tena kuanza upya kana kwamba hawakucheka. Wakakubaliana kwamba kiti kimekaliwa. Shemeji akaondoka na koti, na radio ya mjomba, na kila mwaka mpaka alipofariki alituma samaki. Cherehani likabaki. Mama Riziki akabaki. Na mimi, niliyerithi mjane, mtoto, cherehani na kiti cha magurudumu manne kati ya matano, nikalazimika kujifunza kushona kola.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama alipanga. Alikuwa anakata gauni la bibi harusi, hakuinua macho. "Viti vilikosekana," akasema. "Kanisa ile ilikuwa na viti vichache."

Gogo Doroti alipohamishiwa nyumba ya wazee na nyumba ikauzwa, niliomba jiwe tu. Watu wanne walilibeba mpaka uani kwangu, na nimefulia juu yake tangu hapo, neno likitokea na kupotea chini ya povu. Nimekuwa nikilifikiria sana wiki hizi. Riziki, yule mtoto wa jamu, sasa ni mama mtu mzima mwenye ofisi Randburg, anaelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Alikuja kuniuliza mama yake aandikweje. Kaka zake wa kanisa wanataka "mke wa marehemu" mstari wa kwanza. Nilimwonyesha jiwe, nikamweleza la Eliza, la bahari, la ziwa. Akakaa chini palepale kwenye sakafu ya uani na suti yake ya kazi, akapapasa zile herufi. Halafu akasema, kwa Kiswahili, kibovu, cha mama yake, "Tuligeuze."

Sikumwambia lile jingine ninalolifikiria. Kwamba neno lilianza likiwa pana, kabla ya kufungiwa kwa wajane. Lilimtaja yeyote aliyeachwa nyuma. Kwa Kiswahili yupo mjane, yupo yatima. Kwa mtu aliyemaliza sukari ya mwenzake tangu ujana na sasa ana sukari yote peke yake, sijapata jina, na kwenye ratiba nilikuwa "majirani." Kwa hiyo nimelichukua hilo lililokataliwa na binti wa Eliza. Sitaliandika popote. Nimelivaa tu ndani.

Fundi alikuja akachonga upande wa pili: jina lake, Uvira, na chini yake neno moja, Fundi. Leo asubuhi Baba Nestori na vijana wake wamelipakia kwenye bakkie, Eliza akitazama chini. Pale lilipokuwa pamebaki mraba mweusi wa udongo mbichi, na minyoo miwili iliyoshangaa mwanga. Hapo ndipo machozi niliyoyakosa makaburini yaliponijia yote, mimi na beseni langu mkononi. Baba Nestori alifunga kamba ya mwisho, akaivuta ajue imekaza, akanitazama, akatazama ule mraba, akasema: "Dada Zawadi, mwenzako amepata jiwe. Sasa wewe utafulia wapi?"